Baada ya Windows 10: Laptopu ya Mtumba Iendeshwe na Mfumo Gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Aliyewasha mashine yake kesho yake alikuta kila kitu mahali pake. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yale masasisho yanayoshuka kila mwezi kuziba mianya ambayo wadukuzi wameigundua au wako mbioni kuigundua. Mwanya unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo unabaki kuwa mzigo wa mwenye kompyuta.

Afrika Mashariki habari hii ina uzito wa pekee kwa sababu ya aina ya kompyuta tunazonunua. Maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na yale ya Moi Avenue, Nairobi, yamejaa laptopu zilizoanza maisha yao katika ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Kampuni zilizitumia miaka mitatu minne, zikaziuza kwa mafungu, wafanyabiashara wakazisafisha na kuzileta. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460: ukiingia chuo chochote utaziona madarasani. Ni mashine ngumu, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, spea zake zipo na mafundi wanazijua. Lakini zote tatu zinatumia prosesa za Intel za kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Matokeo yake mwanafunzi, mwalimu au mwenye stesheneri anajikuta na mashine nzima isiyo na ubovu wowote, ila mfumo wake umeachwa na aliyeutengeneza.

Swali la "Windows, Mac au Linux, ipi bora?" lilikuwa la ubishi wa vijiweni. Sasa limeingia mfukoni. Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji aupime njia nzima: uzuri wa sura na sekunde za kuwaka ni mambo madogo. Cha kwanza kupima ni muda ambao mfumo utaendelea kupata viraka kwenye mashine hiyohiyo uliyonayo. Cha pili ni kazi unayobadilishana na watu wengine, kwa sababu hakuna anayetumia kompyuta peke yake.

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya vyuma na programu nyingine zote. Unagawa muda wa prosesa, unagawa nafasi kwenye RAM, unapanga faili kwenye diski, unazungumza na printa na Wi-Fi kupitia draiva, na unaamua programu ipi iruhusiwe kugusa nini. Ni kama mkuu wa bandari: meli ni nyingi, gati ni chache, na kila meli ikitia nanga inapotaka, bandari nzima inasimama. Mifumo yote mitatu inayoshindana leo inazimudu kazi hizi. Enzi za Windows 95 na 98, programu moja ikikosea ilikuwa kawaida kompyuta nzima kuganda. Hali hiyo ilipungua sana mwaka 2001, Windows XP ilipowaletea watu wa nyumbani kiini (kernel) cha Windows NT, na Mac OS X ya mwaka huohuo ilipowapa watumiaji wa Apple msingi wenye asili ya Unix. Kiufundi mifumo imekaribiana mno. Tofauti zilizobaki na zinazouma ni za kibiashara: nani anautengeneza, anapata wapi fedha zake, na anakukubalia uutumie kwenye mashine gani.

Tofauti hizo zina mizizi. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, mfumo endeshi ilipewa na Microsoft, na Microsoft yenyewe ilikuwa imeununua kutoka kampuni ndogo iliyoitwa Seattle Computer Products. Mkataba haukuizuia Microsoft kuwauzia wengine. Compaq na wenzake walipoanza kutengeneza kompyuta zinazoiga ile ya IBM, wote walihitaji DOS, na wote walibisha hodi mlango mmoja. Windows ilijengwa juu ya soko hilo, kuanzia toleo la kwanza la 1985 hadi Windows 95 iliyozinduliwa 24 Agosti 1995. Waandishi wa programu wakaandikia palipo na watu, watu wakafuata palipo na programu. Leo, katika kila kompyuta kumi za mezani na za mpakato duniani, saba hivi zinaendeshwa na Windows.

Apple ilishika njia nyingine tangu Macintosh ya Januari 1984: chuma na mfumo vinatoka kiwanda kimoja, na kwa kawaida mfumo hauruhusiwi kuwekwa kwenye chuma cha mwingine. Ilipokwama katikati ya miaka ya 1990 iliinunua NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs baada ya kuondoka Apple, na mfumo wa NeXT ndio uliozaa macOS ya sasa.

Linux haina duka. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka kuwe na mfumo mzima ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadili na kumgawia jirani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa kiini alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL ya Stallman. Vipande hivyo viwili vilipokutana, makundi mbalimbali yakaanza kuvifunga pamoja na kuvigawa: Debian, Fedora, Mint na mengine mengi. Afrika ina mkono wake humo, maana Ubuntu ya 2004 ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa posta hadi nchi ambazo intaneti ilikuwa ya kusuasua. Aliye na simu ya Android naye anatembea na kiini hichohicho cha Linux mfukoni, ajue asijue.

Turudi kwenye lango la Windows 11. Microsoft ilipoutoa mfumo huo Oktoba 2021 iliweka masharti: RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha nane kilichotoka 2017, kwa AMD inaanzia hasa Ryzen za mfululizo wa 2000. Sababu iliyotolewa ni usalama, na sehemu yake ni ya kweli. TPM inatunza funguo za kufungia diski mahali ambapo programu haribifu haifiki, na Secure Boot inazuia virusi kujipenyeza kabla ya mfumo kuwaka. Lakini laptopu nyingi za ofisi za mwaka 2016 zina TPM 2.0 au zinaweza kupandishwa kufikia hapo. Kinachozifungia nje ni ile orodha ya prosesa. Naona uamuzi huo umewatupia maskini gharama ambayo haikuwa ya lazima. Mwenye mashine inayomudu kazi zake zote alistahili kuachiwa aamue mwenyewe.

Kwa mnunuzi, somo ni dogo na linaokoa fedha. EliteBook 840 G3 na 840 G5 zikiwekwa pamoja mezani, mtu asiyezijua anaweza kuzichanganya. G5 yenye kizazi cha nane inaingia Windows 11 kihalali; G3 haiingii, na G4 ya kizazi cha saba haiingii pia. Kwa ThinkPad mstari unapita kati ya T470 na T480. Usitosheke na neno "Core i5", kwa sababu i5 zimetoka kwa miaka mingi. Soma namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane. Muuzaji atakayekuonyesha Windows 11 ikiwaka kwenye G3 hajakudanganya kwamba inawaka. Alichokuficha ni kwamba imeingizwa kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo wa nyuma upo na mafundi wanaujua. Programu ya Rufus inaweza kuandaa flashi ya Windows 11 isiyouliza habari za TPM wala prosesa. Mashine hufanya kazi, na masasisho ya kila mwezi kwa kawaida huja. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta za namna hiyo hazina haki ya kudai masasisho, na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, hivyo fundi lazima aitwe tena. Kwa mhasibu ambaye programu yake haina mbadala na hana fedha za mashine nyingine mwaka huu, ni njia ya kuvukia. Kuifanya makazi ya kudumu sipendekezi.

Ipo pia nyongeza ya muda. Microsoft ilitoa mpango wa viraka vya ziada vya Windows 10 kwa watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026, kwa kulipia dola 30, au bila malipo kwa anayekubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kupitia akaunti ya Microsoft. Ni nafasi ya kupumua, ya kujipanga. Mpango huo unahitaji Windows yenye leseni halali, na hapo ndipo penye donda letu.

Tuseme ukweli: sehemu kubwa ya Windows "zinazopigwa" mitaani ni za kudurufu. Leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 Marekani, fedha ambayo kwa wengi wetu inakaribia bei ya laptopu yenyewe, wakati fundi anapiga Windows kwa ada ndogo na kumalizia na kile kiprogramu cha kuondoa tangazo la leseni. Sina nia ya kumhukumu mwanafunzi asiye na dola 139. Ninachotaka aone ni jinsi hatari inavyofanya kazi. Kiprogramu hicho kwa kawaida hakikubali kuingia mpaka kinga ya virusi izimwe, na kikishaingia kina mamlaka yote ya mfumo. Halafu fundi huzima masasisho ili leseni bandia isigundulike. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya mmoja katika njia ambayo Windows hutumia kushirikiana faili mtandaoni. Tarehe 12 Mei mwaka huo virusi vya WannaCry vilipita kwenye mwanya huohuo, vikafunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa miezi miwili, na walioumia ni wale ambao hakikuwafikia. Kompyuta yenye Windows ya kudurufu iliyozimwa masasisho inaishi katika hali hiyo siku zote.

Mac je? Sifa zake nyingi ni za haki. Tangu Novemba 2020, Apple ilipoanza kuweka chipu zake yenyewe kuanzia M1, MacBook Air imekuwa laptopu isiyo na feni, inayokaa na chaji siku nzima ya kazi, na anayehariri video au kurekodi muziki ataona tofauti tangu siku ya kwanza. Masasisho ya macOS ni bure. Virusi vipo, na Flashback ya 2012 iliambukiza Mac zipatazo 600,000, ila kwa jumla ni vichache kuliko vya Windows. Ugumu unaanza sokoni. MacBook Air na Pro za 2015 ambazo bado zinauzwa kwa bei ya kuvutia zinaishia macOS Monterey, na Monterey haipati viraka tena. Yaani mnunuzi anailipia nembo ya tufaha huku akinunua tatizo lilelile la Windows 10. Tahoe, macOS ya mwaka 2025, Apple imetangaza kuwa ndiyo ya mwisho kwa Mac zenye prosesa za Intel. Kwa hiyo Mac ya mtumba yenye maana kununuliwa sasa ni ya M1 kwenda mbele. Hata hiyo, RAM na hifadhi vimechomelewa kwenye bodi, havipanuliki. Ukinunua ya GB 8 umeoa GB 8. Na kabla hujatoa hela, hakikisha mwenye awali ametoa akaunti yake ya iCloud na kwamba mashine haiko chini ya usimamizi wa kampuni iliyoiuza. Mac iliyofungwa kwa akaunti ya mtu aliyeko ng'ambo ni mzigo usio na fundi.

Inabaki Linux, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayosemwa sana na kujaribiwa kidogo. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiona kwenye mashine yako kabla ya kufuta chochote. Chukua flashi ya GB 8, shusha faili la Linux Mint lenye karibu GB 3, liandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza F9 kama ni HP, au F12 kama ni Dell au ThinkPad, kisha chagua flashi kwenye orodha. Baada ya muda mfupi unaona uso wa Mint, wenye kitufe cha menyu kushoto chini na saa kulia, na diski yako haijaguswa. Hapo fanya ukaguzi wa kweli. Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikie sauti. Fungua kamera. Punguza mwanga kwa vitufe vya juu. Funga kifuniko, subiri, fungua uone kama inaamka. Chomeka projekta ya shule, na kwa 840 G3 una bahati kwamba tundu la VGA bado lipo. Kwa kawaida Wi-Fi ya Intel ya mashine hizi inatambulika papo hapo bila draiva ya kutafuta, na modemu za USB za Huawei nazo hutambulika. Kinachogoma mara nyingi ni kisoma alama za vidole. Kwa wengi hilo si pengo.

Printa ndiyo mtihani ambao watu huusahau. HP LaserJet P1102, ndogo ile iliyojaa kwenye stesheneri, inafanya kazi chini ya Linux lakini inahitaji nyongeza moja ishushwe kutoka HP kupitia programu yake ya HPLIP, kwa hiyo siku ya kuifunga uwe na intaneti. Epson za wino wa chupa zina draiva za Linux. Kama printa ni chombo chako cha kukupa riziki, ijaribu kabla ya kuamua, na karatasi itoke mkononi mwako.

Mint inapotulia bila programu inakula RAM inayozidi GB 1 kidogo. Windows 11 mara nyingi hufikia GB 3 kabla hujafungua chochote. Kwenye mashine ya GB 4 hiyo ni tofauti ya kufanya kazi na kukaa unasubiri. (Na mfumo wowote utakaochagua, kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, iondoe uweke SSD. Hakuna fedha nyingine utakayotumia kwenye kompyuta kuukuu ikaleta nafuu kubwa namna hiyo.) Bando nalo lihesabiwe. Faili la kufunga Windows 11 linazidi GB 5, na masasisho yake hujishusha yenyewe mpaka uyaambie kwamba intaneti ni ya kupimwa. Mint inakuonyesha orodha na ukubwa wa kila sasisho, unashusha ukiwa na nafasi. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata viraka hadi Aprili 2029, kwenye hiyohiyo G3 iliyofungiwa nje na Windows 11.

Walioishi miaka ya virusi vya flashi wataelewa faida nyingine haraka kuliko takwimu zozote. Unapeleka flashi stesheneri kuchapa, unarudi nayo, folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka na unaambiwa kazi yako imefutika. Haijafutika. Virusi vimezipa folda halisi alama ya kufichwa na kuweka bandia mbele. Windows inaheshimu alama ile, kwa hiyo huzioni mpaka mtu aandike amri ya attrib kuiondoa. Ukichomeka flashi hiyohiyo kwenye kompyuta ya Linux, folda halisi zinaonekana bila shida, kwa sababu Linux haifuati alama hiyo ya Windows, na faili la virusi linakaa pembeni likiwa halina la kufanya, kwa sababu ni la .exe. Msingi wa kinga hiyo ni wa zamani: Unix ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969 na ikakua kama mfumo wa kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, na mtumiaji wa kawaida hakupewa ufunguo wa nyumba nzima. Windows XP ilikuwa inampa mwenye nyumba ufunguo huo tangu anapoifunga, na Microsoft ilianza kurekebisha hilo kwa dhati kuanzia Vista. Linux nayo ina mianya, na aliyeacha kusasisha Linux naye yuko hatarini.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa Linux huupitia haraka mno. Tally, programu ya uhasibu, haina toleo la Linux. QuickBooks ya kufunga kwenye kompyuta haina. Photoshop na Premiere hazina. AutoCAD ipo kwa Windows na Mac tu. Fomu za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, zilizotengenezwa kwa Excel zina makro zinazotaka Excel yenyewe. Kama mkate wako unatoka kwenye mojawapo ya hizo, usibadili mfumo kwa sababu ya makala. Nunua mashine ya kizazi cha nane na ubaki Windows. Mtu wa ramani anayetumia QGIS, mwandishi wa programu, mtafiti wa takwimu anayetumia R, hao hawapotezi kitu, na wengine wanafaidika.

Kati ya makundi hayo yupo mwanafunzi na tasnifu yake, na kwake jibu ni gumu zaidi. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, inafungua faili za Word na kuziandika, lakini kurasa zinaweza kuhama. Sababu kubwa ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hivyo Linux huweka Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake umelinganishwa ili mistari isivunjike vibaya. Liberation Serif nayo inalingana na Times New Roman, fonti ambayo vyuo vingi vinaidai. Maandishi matupu yanavuka salama. Kinachoyumba ni jedwali lililojaa, yaliyomo yanayojitengeneza, na masahihisho ya msimamizi yaliyowekwa pembeni ya ukurasa kwa Word na kurudishwa mara nyingi. Ushauri wangu ni kuandika kwenye LibreOffice, kumtumia msimamizi nakala, na kabla ya kufunga jalada kufungua kazi kwenye Word ya maktaba ukurasa kwa ukurasa. Hatua ya kwanza ya kweli ya kuleta Kiswahili kwenye programu za ofisi nayo ilitoka upande huu wa Linux: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Microsoft nayo ilikuja kutoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows na Office. Tuliweza kufanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Inasikitisha kwamba shule zetu haziijui.

Chromebook, laptopu zenye mfumo wa ChromeOS wa Google, na ndugu yake ChromeOS Flex hazihitaji maneno mengi. Kwa anayeishi ndani ya kivinjari na mwenye intaneti ya uhakika ni rahisi na salama, na Google inaahidi masasisho ya miaka kumi kwa Chromebook tangu modeli yake ilipotoka. Kwa mtumba, miaka hiyo huwa imekwisha kuliwa mingi, na bando likiisha kazi nayo inapungua.

Kwa shule, halmashauri na ofisi zinazofikiria kuhama, mifano miwili ya Ulaya inafundisha kuliko nadharia. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2004 kuhamia Linux, likakamilisha kompyuta zipatazo 15,000 mwaka 2013, kisha mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Kulikuwa na siasa, na kulikuwa na malalamiko ya nyaraka zisizofunguka sawasawa kwa ofisi nyingine. Gendarmerie, kikosi cha polisi cha Ufaransa chenye muundo wa kijeshi, ilianzia upande mwingine. Mwaka 2005 iliwapa askari wake OpenOffice wakiwa bado kwenye Windows, ikafuata Firefox, na ilipofika 2008 ndipo ikaanza kubadili mfumo endeshi wenyewe kuwa Ubuntu. Kwa kuwa programu walizozoea ziliwafuata kwenye mfumo mpya, mshtuko ulikuwa mdogo, na zaidi ya kompyuta 70,000 zimebaki huko. Mtu mmoja nyumbani anaweza kufuata mpangilio huohuo: tumia LibreOffice, Firefox na VLC kwenye Windows kwa miezi kadhaa, na siku ukibadili mfumo utakuta zana zako zinakusubiri.

Jambo la fundi nalo lisidharauliwe. Windows ina fundi kila mtaa. Linux inao wachache, na wengi wako vyuoni. Mwenye duka kijijini asiye na mtu wa kumpigia simu ana haki ya kubaki na kile ambacho jirani yake anaweza kukirekebisha. Hali hiyo itabadilika pale mafundi wenyewe watakapoona biashara ndani yake, na laptopu za kizazi cha sita zilivyo nyingi, biashara ipo. Fundi atakayejua kufunga Mint, kuunganisha printa na kumfundisha mteja kwa saa moja atapata wateja ambao Windows 11 imewafungia mlango.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye mashine ya kizazi cha nane au zaidi, na kazi yake inategemea programu za Windows, apandishe Windows 11 yenye leseni halali na aendelee. Mwenye fedha za M1 na kazi ya picha, video au muziki, achukue Mac kwa moyo mkunjufu. Mwenye G3 na ndugu zake, ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma, kufundisha, intaneti na kutengeneza programu, aweke Linux Mint. Ndiyo njia ya gharama nafuu ya kuipa mashine hiyo miaka mingine kadhaa ya usalama. Kubaki kwenye Windows 10 isiyo na viraka, halafu ukaitumia kufungulia benki na barua pepe, ndilo chaguo pekee ninalolipinga moja kwa moja.

Kabla hujamkabidhi fundi laptopu, nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje na ujaribu kuzifungua kwenye kompyuta nyingine. Na kama mashine ina Windows 11 iliyofungwa kwa akaunti ya Microsoft, ingia kwenye akaunti hiyo kwanza uandike kwenye karatasi ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa siri. Una tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi atakayeweza kukurudishia faili zako.